Kabla ya Kushusha Giaboksi: Maneno kwa Madereva na Mafundi wa Pemba

Maneno haya yalisemwa Chake Chake mbele ya madereva wa gari za abiria, wenye gari zao wenyewe na vijana wanaojifunza ufundi. Wengi waliokuwa njiani siku ile wameomba wayapate yote. Haya hapa. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu madereva, mafundi wenzangu, vijana wa gereji, na mama zangu mliokaa nyuma kule ambao mnaendesha gari zenu wenyewe, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie klachi nzito, yaani pedali ya klachi inayotaka nguvu nyingi kuikanyaga, na nitazungumza hiyo hiyo, maana inatutesa na inatumalizia pesa.

Naomba mnyoshe mikono wale ambao mguu wa kushoto unachoka kabla hamjafika Wete. Haya, mikono ni mingi. Sasa ishusheni, wabakishe mikono juu wale tu waliokwisha kuipeleka gari kwa fundi kwa sababu hiyo. Mnaona wenyewe ilivyopungua? Basi na tuanzie hapo hapo.

Kwa nini mtu anaendesha gari nzito mwaka mzima asiipeleke kwa fundi? Kwa sababu amezoea. Uzito wa klachi mara nyingi hauji siku moja. Leo umeongezeka kidogo, mwezi ujao kidogo tena, na mguu unafuata. Dereva anauona uzee wake, hauoni ubovu wa gari.

Namjua mzee mmoja wa njia ya Konde. Goti la kushoto lilimsumbua mpaka akawa hawezi kukaa sawa katika swala. Kila usiku anajipaka mafuta ya karafuu, anafunga kitambaa, asubuhi anarudi barabarani. Siku moja alikuwa na msiba, akampa mwanawe gari apige zamu. Yule kijana hakufika hata kituo cha pili. Alirudi nyumbani akasema, "Baba, hii pedali mbona haishuki?" Mzee akashangaa, yeye haoni tatizo lolote. Ilipofunguliwa, klachi pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ilikuwa imelika mpaka kwenye ribiti zinazoshika nyama yake.

Sasa sikilizeni, khasa nyinyi vijana, kwa nini klachi pleti iliyolika inaufanya mguu uwe mzito. Watu wengi wanafikiri kitu kikilika kinakuwa chepesi. Kwenye klachi ni kinyume chake. Ndani ya presha pleti, inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kuna springi ya duara yenye vidole vinavyoelekea katikati. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi inavisukuma vidole vile kuelekea injini, presha pleti inaachia, na klachi pleti inakuwa huru. Pleti ikiwa mpya ni nene, na springi imekaa pale ilipopangiwa. Pleti ikilika inakuwa nyembamba, presha pleti inasogea karibu na flaiwili, na vidole vinainuka kuelekea giaboksi. Springi sasa imekaa vibaya, na nguvu ya kuisukuma inapanda. Kwa hiyo klachi inayokaribia kufa huwa nzito kwanza, halafu ndio inaanza kuteleza: injini inalia kwenye kilima, gari haipandi.

Basi mkishika hilo, msikimbilie kusema kila klachi nzito ni pleti. Hili la pili ndilo lililonileta hapa, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Uzito una mahali pake. Nasema tena: uzito una mahali pake! Kutoka mguuni mpaka kwenye springi ile kuna njia. Kuna pedali na bushi zake. Kuna kebo, au kwa gari zinazosukuma klachi kwa mafuta ya breki, kuna masta ya juu, paipu, mpira wa mafuta na silinda ya chini. Kuna foki, yaani mkono unaoisukuma beringi, kuna beringi yenyewe, kuna presha pleti. Ubovu umekaa katika moja ya hivyo. Je, fundi akisikia "klachi nzito" akaanza kwa kushusha giaboksi ili aifikie klachi, amepima nini? Hajapima kitu. Amebahatisha kwa pesa za mtu mwengine.

Kuna dada mmoja ana Suzuki Carry, anachukulia mboga kutoka shamba kupeleka sokoni. Pedali ikawa nzito. Akaipeleka gereji, sitaitaja, wakamwambia klachi imekwisha. Akanunua pleti, presha pleti na beringi, giaboksi ikashushwa, siku mbili hana kazi na mboga zinaoza. Gari ikafungwa. Akakanyaga: nzito vile vile. Wakamwambia ni mpya, italainika. Haikulainika. Alipoileta kwetu, tulilala chini tukaitoa kebo kwenye foki, halafu nikamwambia ashushe pedali kwa mkono wake. Haikutaka kushuka. Kebo imetolewa, klachi mpya haihusiki tena, na pedali bado nzito! Basi klachi ya zamani ilikuwa na kosa gani?

Tuliivuta ile kebo tukaipasua. Waya wa ndani ulikuwa umechanika nyuzi mbili tatu, na pale gari ilipoikunja karibu na ekzosi ulikuwa umeikata ala yake kwa ndani, kama kamba inavyochimba ukingo wa kisima. Kila akikanyaga, zile nyuzi zinang'ata plastiki. Kebo mpya ikavaliwa, ikapitishwa mbali na moto, na ule uzito ukaisha pale pale.

Hebu niwape utaratibu, mwenye kalamu aandike. Gari izimwe, handbreki ivutwe, magurudumu yawekewe kabari.

Kwa gari ya kebo, legeza nati iliyo kwenye foki, toa kichwa cha kebo. Shusha pedali kwa mkono. Ikienda nyepesi mpaka chini, pedali na kebo ni salama, tatizo liko upande wa foki na ndani. Ikibaki nzito, nenda juu, chomoa kebo kwenye pedali. Bembeza pedali peke yake. Ikicheza vizuri, kebo ndiyo mbovu. Ikikwama, ni bushi za pedali zimekauka au zimekula kutu, na hizo unazisafisha na kuzitia grisi, au unazibadilisha kwa bei ndogo sana. Tazama pia kama gari yako ina springi ya kusaidia mguu pale juu. Springi ile ikivunjika au ikichomoka, klachi inakuwa nzito siku moja tu, asubuhi nyepesi, jioni nzito. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye gari ni hili: imeanza ghafla au pole pole? Ghafla, nenda kwenye springi, kebo na foki. Pole pole, fikiria pleti, kutu na ukavu.

Kuna wanaodondoshea oili ya injini kwenye kebo. Inasaidia wiki moja, halafu vumbi linashikana na oili na unakuwa na msasa ndani ya ala. Kebo iliyoanza kung'ata haiponi, ibadilishe. Na ukishaibadilisha, usiikaze mpaka mwisho. Acha pedali icheze kidogo kabla haijaanza kusukuma. Kwenye gari nyingi za Toyota mchezo huo ni milimita 5 hadi 15, na kitabu cha gari yako kitakwambia kipimo chake hasa. Ukiikaza ikakosa mchezo, beringi inabaki inagusa vidole muda wote, na italika kabla ya wakati.

Kwa gari ya klachi ya mafuta, kama Hiace na Canter nyingi tunazoendesha, njia unaikata kwa skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini. Vaa mpira mwembamba kwenye skrubu, uingize kwenye chupa, legeza, na mwenzako akanyage taratibu. Pedali ikiwa nyepesi sasa, huko juu ni salama, ubovu uko kwenye silinda ya chini, foki au klachi yenyewe. Ikibaki nzito wakati mafuta yana njia ya kutoka, basi kuna kinachoyazuia juu: masta imekwama, paipu imebondeka, au mpira wa mafuta umevimba kwa ndani. Ule mpira ukiwa mzee unaonekana mzima nje, ndani umeziba. Dalili yake ni kwamba pedali inashuka kwa shida na inarudi kwa uvivu.

Halafu fungua boliti mbili za silinda ya chini, uisogeze pembeni bila kuitoa paipu. Isukume pistoni yake kwa mkono kupitia kile kijiti kinachoisukuma foki. Inatakiwa iingie pole pole, na mafuta yanarudi juu kwenye chupa. Ikigoma, imekula kutu. Na hapa naomba sana: silinda ikiwa imetolewa, mtu yeyote asikanyage pedali. Pistoni itaruka nje na mafuta yote yatamwagika, na yakigusa rangi ya gari yanaibabua.

Mnaona? Kote huko hatujashusha giaboksi. Ni spana mbili, mpira na nusu saa ya kulala chini.

Nakuja kwenye mafuta yenyewe. Hapa naomba madereva mnisikilize kuliko mafundi, maana nyinyi ndio mnaomimina.

Hiace moja ilisimama njiani, mafuta kwenye chupa ya klachi yamepungua. Utingo akakimbia dukani, akapewa oili, wakajaza, safari ikaendelea. Oili ile ilikuwa ya pawa stelingi. Baada ya siku chache pedali ikaanza kuwa ngumu, halafu ikawa inashuka na kubaki chini, dereva anaiinua kwa kidole cha mguu. Nilipotoa mipira ya masta ilikuwa imevimba mpaka haiwezi kurudi mahali pake, laini, inateleza mkononi. Mipira ya klachi na breki imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki. Oili ya injini, ya giaboksi au ya pawa stelingi inaivimbisha. Tone dogo linatosha kuanza kazi hiyo.

Sasa jiulizeni: gari ngapi klachi na breki zinatumia chupa moja? Nyingi. Basi aliyeharibu klachi ameharibu na breki, na ana abiria nyuma, na mbele yake kuna mteremko. Ndugu zangu, hapa sizungumzi tena habari ya goti.

Kuna njia rahisi ya kupima, mnaweza kuifanya nyumbani. Chukua glasi ya maji safi, tumbukiza tone moja la mafuta kutoka kwenye chupa ya breki. Mafuta ya breki ya kawaida, ya daraja la DOT 3 na DOT 4 lililoandikwa kwenye chupa, yanachanganyika na maji na kupotea. Ukiona yanaelea juu na kutandaza utando wenye rangi rangi, kuna oili ndani. Usiendeshe. Mipira yote ibadilishwe, ya masta, ya silinda na ule mrefu, paipu zisafishwe, na mafuta mapya yatiwe. Kumwaga na kujaza upya peke yake hakutoshi, kwa sababu mpira uliokwisha kunywa oili hautemi.

Tena mafuta ya breki yenyewe yanavuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ya visiwani mnaijua. DOT 3 mpya inatakiwa ihimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishakunywa maji, kiwango chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 inaanza na 230, ikinywa maji inabaki 155. Na yale maji hayakai bure, yanakula kutu silinda kwa ndani, na silinda yenye kutu ndiyo pedali nzito. Badilisheni kila baada ya miaka miwili. Chupa iliyofunguliwa ikakaa kwenye dashibodi miezi msiitie kwenye gari.

Mama mmoja pale anatikisa kichwa. Ndiyo mama, hata kama imebaki nusu chupa.

Sasa tuseme umepima yote: pedali nzuri, kebo nzuri au mafuta mazuri, silinda inacheza. Hapo ndipo giaboksi ishuke, na hapo sina ugomvi na mtu. Lakini ikishuka, tazama kila kitu.

Kule Micheweni kuna gari ilikuwa inateremka mpaka mchangani kupakia mwani. Mwani mbichi unadondosha maji ya bahari, gurudumu linarusha mchanga wa chumvi, na kile kimpira kinachoziba tundu la foki kilikuwa kimepasuka zamani. Nilipoitoa foki, unga mwekundu wa kutu ulimwagika kiganjani. Kichwa cha chuma ambacho foki inategemea kilikuwa kimelika upande mmoja, na ile bomba ambayo beringi inatembea juu yake ilikuwa na mikwaruzo mirefu, beringi inakwama na kuruka, inakwama na kuruka. Klachi pleti yenyewe bado ilikuwa na nyama! Lau mtu angebadilisha pleti akaacha foki na bomba ile, uzito ungebaki pale pale. Na kile kimpira kilichopasuka ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Kwa hiyo: foki, kichwa chake, bomba ya beringi, na kimpira. Grisi iwe ya kuhimili joto, na iwe kidogo, utando tu. Grisi nyingi itarushwa kwenye pleti na klachi itateleza. Pleti, presha pleti na beringi badilisha pamoja, kwa sababu kazi kubwa ni kushusha, huwezi kushusha mara mbili kwa kubania beringi. Weka kipuri kipya na cha zamani sakafuni, ubavu kwa ubavu, kabla hujavaa. Pima upana, hesabu meno ya katikati, tazama urefu wa vidole. Presha pleti yenye springi kali kuliko ya gari yako itaingia vizuri, boliti zitakubali, na itakupa klachi nzito kuliko uliyoitoa. Na wakati wa kupandisha, giaboksi isining'inie kwenye shafti yake, itaipinda pleti mpya kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Mawili ya usalama, na haya sitayazungusha. Msiegemeze gari juu ya tofali. Tofali linapasuka bila kutoa taarifa, na aliye chini hana pa kukimbilia. Tumieni stendi za chuma, au magogo mazito ya mti, na jeki ibaki pale pale. La pili, vumbi la klachi. Vijana mnapenda kulipuliza kwa kompresa, au kwa mdomo. Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto inaleta saratani ya mapafu miaka mingi baada ya kuivuta. Kwa kutazama tu huwezi kujua pleti ipi inayo na ipi haina. Lowesha kitambaa, futa, kitupe. Nawaomba kama mzazi. Mapafu ya kijana wa miaka 18 hayauzwi dukani.

Kwa madereva nimalizie na miguu yenu. Kisiwa chetu kina vilima, si kama kule Unguja kusini ambako barabara imenyooka. Gari imejaa, uko kilimani, abiria anashuka. Wengi mnaizuia gari kwa nusu klachi, injini inanguruma, mguu unatetemeka. Vuteni handbreki, wekeni nyutro, pumzisheni mguu. Na mkiwa njiani tambarare, mguu wa kushoto ukae sakafuni. Usikae juu ya pedali, hata kwa uzito wa kandambili tu, maana beringi inazunguka kila unapoigusa.

Basi. Waliosema wana maswali nitawajibu tukiwa tunafanya kazi, maana klachi haifundishiki kwa mdomo peke yake. Nani ana gari yenye pedali nzito hapa nje? Wewe, ami, na ile Carry nyeupe? Isogeze chini ya mwembe, zima, tia kabari. Vijana wawili waje na spana namba 10 na 12, na mtu mmoja alete glasi ya maji.